Nguo Inakomea Wapi?

Mhadhara wa fundi cherehani kwa vijana wanaoanza kazi, Tanga

Wakubwa mliokaa nyuma, shikamooni. Na nyie wanangu mlio mbele, hamjambo? Ahsanteni kwa kuniita. Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, na mwaka huu natimiza miaka 26 nikiwa kazini. Mambo ya mitindo sikuyasomea chuoni. Niliyonayo nimeyapata futikamba ikiwa shingoni na miili ya watu ikiwa mbele yangu, kwa hiyo sitawaambia rangi gani imeingia mjini wala mshono gani unatamba kwenye simu.

Nimekuja na jambo moja tu. Jicho la mtu hukaa pale nguo inapokoma. Pindo la sketi, ncha ya mkono wa shati, mstari wa kiuno, shingo ya gauni, ncha ya hereni, kitako cha mkoba: kila mahali kitambaa au pambo linapoishia pamechorwa mstari juu ya mwili wako. Anayekutazama anausoma mstari huo kabla hajaona rangi, na kabla hajakadiria bei. Anayejua mistari yake ikae wapi ndiye watu wanayemwita anajua kuvaa, hata kama kabatini ana gauni tatu.

Mama pale, niazime kanga yako. Ahsante. Tazameni. Urefu wake mita moja na nusu hivi, upana mita moja na zaidi kidogo. Pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati, na hapa, sehemu ya chini ya mji, kuna jina. Ukienda dukani kununua doti, muuzaji hakuulizi wewe mrefu au mfupi. Kanga ni ukubwa mmoja kwa wote. Sasa tokeni nje muwaangalie mama zetu wakipita. Wafupi, warefu, wanene, wembamba, kila mmoja pindo lake liko sawa na jina limelala nyuma linasomeka. Wanafanyaje? Mfupi anakunja juu vidole vinne kabla hajaifunga. Mrefu anaishusha kidogo kwenye nyonga. Bibi yangu alikuwa akisimama mlangoni, anaishika kanga kwa mikono miwili nyuma yake, analitafuta jina kwa vidole bila kulitazama, analiweka katikati ya mgongo, ndipo anazileta ncha mbele. Jina kwanza, fundo baadaye. Utotoni nilidhani ni mazoea ya wazee. Nilipoanza kushona nikaelewa kwamba bibi alikuwa anapima.

Na hicho kipimo chenyewe kilitoka kwa wanawake. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani hii walikuwa wakinunua leso za mraba zikiwa bado kitambaa kimoja, hazijatenganishwa. Walikata tatu tatu, kisha wakashona vipande viwili ubavu kwa ubavu wapate nguo pana ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaanza kuagiza vitambaa vya ukubwa ule ule. Ndiyo maana Mombasa mpaka leo kanga wanaiita leso. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba vipimo vya mavazi ni elimu ya wenzetu wa nje, mkumbushe hilo.

Sasa naomba binti mmoja aje hapa. Haya, mwanangu, simama wima, usivute tumbo. Urefu wako sentimita 158. Kutoka begani mpaka kiunoni, 38. Kutoka kiunoni mpaka sakafuni, 98. Umevaa blauzi nzuri, umeiacha nje, inakoma hapa kwenye nyonga. Nikipima kutoka begani, blauzi imechukua sentimita 58. Chini yake sketi inaonekana sentimita 50, halafu inakoma katikati ya kigimbi. Mnaona? 58 kwa 50. Amegawanywa katikati kama mkate. Hakuna kosa kwenye blauzi wala kwenye sketi, ila mwili umekatwa nusu kwa nusu, na nusu kwa nusu humfanya mtu aonekane mfupi na mzito kuliko alivyo.

Chomeka blauzi. Basi, tosha, usikaze. Sasa juu tuna 38 na chini tuna 70. Theluthi moja juu, theluthi mbili chini, kwa makadirio. Rudini nyuma hatua tano mmtazame. Ni binti yule yule, nguo zile zile, na hatujatoa hata shilingi.

Bado pindo. Kigimbi katikati ndipo mguu unapokuwa mnene zaidi, na jicho likitua pale linauona unene tu. Pindo likipanda mpaka chini kidogo ya goti, au likishuka mpaka juu ya kifundo, linatua pembamba. Kwa binti huyu mimi ningelishusha. Nikipata sentimita 14 za kuongeza, sketi yake itafika pale ninapopataka.

Sizungumzi haya kwa kubahatisha. Kuna mteja alinijia na picha ya gauni la kitenge kwenye simu, gauni lenye kiuno cha juu na mikono mifupi ya kubana. Nikalishona kama picha ilivyo, mshono kwa mshono. Siku ya kulijaribu alisimama mbele ya kioo changu akanyamaza. Mikono ilikoma sawa kabisa na sehemu pana ya kifua chake, na yeye ni mama wa kifua kikubwa. Mkono na kifua vikaungana kuwa mstari mmoja mnene kutoka ukingo mpaka ukingo. Aliyeko kwenye picha alikuwa na mwili mwingine. Kitambaa kilikuwa kimebaki kidogo, nikarefusha mikono ikavuka kiwiko, akaenda nalo harusini akiwa na furaha. Tangu siku ile, mteja akileta picha naitazama, kisha naiweka simu kando nashika futikamba.

Kwenye kitenge hasa tulieni. Kitenge cha wax asili yake ni batiki za Java zilizoigwa na Waholanzi viwandani, na maua yake mengi ni makubwa, mengine kama sahani. Ua kubwa nalo ni mstari. Fundi akikata bila kuangalia, sahani moja itakaa kwenye titi moja na lingine libaki tupu, au itakaa nyuma pale unapokalia. Mwambie fundi akutandazie kitambaa mezani umwonyeshe ua kubwa likae wapi kabla hajagusa mkasi. Na kama maua ni makubwa sana, ongeza nusu yadi apate pa kuyalinganisha kwenye mshono. Fundi atakayekukasirikia kwa ombi hilo, mwache, nenda kwa mwingine.

Mapambo yanafuata sheria ile ile. Hereni ndefu inayoishia kwenye taya inaupanua uso pale taya ilipo. Ikipanda juu ya taya au ikishuka mpaka katikati ya shingo, uso unarefuka. Mkufu ukikoma kwenye mtulinga unaonyesha shingo, ukishuka mpaka kifuani unaonyesha kifua, kwa hiyo amua mwenyewe unataka watu waangalie wapi. Mkoba wa bega ndio unaosahaulika kuliko vyote. Dada anavaa gauni lililokaa vizuri kabisa, halafu mkanda wa mkoba ni mrefu, mkoba wenyewe unaning'inia kwenye nyonga na kuongeza nyonga ya tatu. Fupisha mkanda, mkoba ukae kiunoni. Mkanda ukiwa na matundu ni kazi ya dakika moja.

Msivae kila kitu kwa pamoja. Kilemba kikubwa kinatosha kuwa pambo la siku, hereni ziwe vipini tu. Kidani cha shanga kikiwepo, acha bangili tano nyumbani. Kichwani, shingoni, mkononi: chagua mahali pamoja paseme, kwingine pakae kimya.

Vijana wa kiume, msidhani mmesahaulika. Ncha ya tai iguse mkanda, isiishie juu ya kitovu. Shati la kuvaa nje likome katikati ya zipu ya suruali. Likifika mapajani linakula miguu yako. Suruali ikirundikana juu ya viatu, peleka ikapunguzwe, ni kazi ndogo. Na mshono wa bega, hapa, ukae juu ya mfupa wa bega pale unapoishia. Ukishuka mkononi, shati si lako hata kama umelilipia.

Hili la bega naomba tulishike kwa sababu wengi wetu tunavaa mitumba, na mimi sioni aibu yoyote kwenye mitumba. Unapochakura, wacha kuanza na rangi. Shika mabega. Kiuno kikipwaya nitakibana, pindo nitalipunguza, mikono nitaifupisha, zipu nitabadilisha. Bega likiwa pana kwa vidole viwili, koti lazima lifumuliwe mikono yote na bitana, na gharama ya ufundi itazidi bei ya koti. Nimewarudisha watu wengi na makoti mazuri mikononi, na kila mara inaniuma.

Mmeniuliza kabla sijaanza kuhusu nguo za kila siku, za kazini Jumatatu mpaka Ijumaa. Jibu langu ni fupi. Kwa wiki mbili, kila asubuhi kabla hujatoka, mwombe ndugu akupige picha umesimama wima, miguu yote ionekane. Wiki mbili zikiisha zipange picha, uchague tatu ambazo ukijiona unafurahi. Halafu angalia: juu imekoma wapi, pindo limekoma wapi, mikono imekoma wapi. Nawahakikishia mtaona mistari inafanana. Hivyo ndivyo vipimo vyako. Viandikeni kwa sentimita, mvibebe kwenye simu, mkienda dukani, mitumbani au kwa fundi viwe mkononi. Nguo itakayokoma mahali hapo chukueni, na isiyokoma hapo muulizeni fundi kama inaweza kufikishwa.

Saa yangu inaniambia nifunge, lakini futikamba 12 ziko pale mezani na mimi siondoki bado. Kaeni wawili wawili, dada kwa dada, kaka kwa kaka. Anzeni na bega mpaka kiunoni, kwa mgongo. Mkitaka kukijua kiuno kiko wapi, inama kidogo ubavuni: pale ngozi inapokunjika ndipo kilipo, na wengi mtakikuta juu kuliko mnapofungia mkanda. Mama, kanga yako hii hapa. Ngoja kwanza niikunje vizuri, jina lisijikunje.