Vali ya Usalama ya Roboti Ikivuja, Anza na Geji

Karibu, mtazamaji. Leo tunashughulikia vali ya usalama katika mfumo wa hewa wa roboti ya mashindano ya FIRST Robotics Competition ya Marekani, ambako vali hii hutegeshwa ifunguke presha ya tangi inapofika psi 125 (psi ni pauni kwa inchi ya mraba). Inapoanza kutoa hewa, wengi hukimbilia spana na kuikaza hadi inyamaze. Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu vali iliyokazwa kupita kiasi haitafunguka siku itakapohitajika, na siku hiyo huenda mwenzako ndiye atakuwa ameinamia roboti.

Vaa miwani ya kukinga macho, kisha washa kompresa huku ukitazama geji, yaani kipimo cha presha, ya upande wa tangi, wala si ile iliyo baada ya regyuleta, kifaa kinachopunguza presha ya kwenda kwenye roboti, ambako kanuni haziruhusu presha ivuke psi 60. Andika namba ambayo hewa inaanza kutoka, maana hiyo ndiyo itakayokuonyesha hitilafu iko wapi.

Ikiwa hewa inavuja tangu presha ikiwa ndogo, kwa mfano psi 20, paka maji ya sabuni. Tazama hapa kwa karibu: mapovu haya madogo yanachomoza kwenye uzi wa kiungo, yaani mistari yake ya skrubu, si kwenye matundu ya vali. Vali hii ni nzima. Kinachotakiwa ni kufungulia hewa yote hadi geji isome sifuri, kufungua kiungo na kukifunga upya kwa tepu ya uzi. Mapovu yakitoka kwenye matundu yenyewe, kuna uchafu ndani au sili imeharibika, nami ningebadilisha vali.

Ikiwa vali inakaa kimya hadi psi 90 hivi ndipo inafunguka, springi imelegea, mara nyingi kwa sababu mtetemo umelegeza nati ya kufungia. Toa hewa yote, legeza nati, zungusha skrubu kidogo tu kulia, kisha jaza tena na usome geji. Rudia hivyo hadi ifunguke kwenye psi 125, halafu kaza nati. Kwa kuwa swichi ya presha huzima kompresa kabla ya kufika hapo, itabidi uiendeshe kompresa moja kwa moja bila kupitia swichi hiyo, msaidizi akiwa tayari kukata umeme wakati wowote.

Ikiwa inafunguka kwenye psi 125 hasa, usiiguse, kwani inafanya kazi yake. Swali ni kwa nini kompresa haikuzimika. Swichi ya presha hufunga saketi hewa ikiwa kidogo na kuikata tangi likijaa. Kwa hiyo nyaya zake mbili zikigusana, kama hizi zilizochubuka karibu na ncha, kompyuta ya roboti hudhani tangi halijajaa. Zima umeme, toa hewa, badilisha nyaya hizo, kisha jaza tangi tena: safari hii kompresa inapaswa kujizima kabla vali haijafunguka.