Bata mzinga wa kujazwa: pimeni mjazo kabla hamjamtoa

Asalaam aleikum. Shikamooni wakubwa wangu. Na nyinyi wasichana mliokaa nyuma, songeni mbele, maana huyu ndege hapa mezani tutamkata na nataka kila mtu aone ndani.

Kila Disemba ikikaribia simu yangu haitulii, na swali ni lile lile: "Mama, bata mzinga wa kujazwa namtia ovenini masaa mangapi?" Mimi humuuliza, ana kilo ngapi? Hajapimwa. Barafu imeshamtoka? Nusu nusu. Umemjaza nini, na umemjaza lini? Kimya. Sasa mwanangu, nikujibu vipi?

Masaa nitawapa, andikeni. Moto nyuzi 165, au namba 3 kwa oveni za gesi zenye namba. Aliyejazwa wa kilo 5, masaa 3 hadi 3 na nusu. Wa kilo 7, masaa 4 hadi 4 na robo. Wa kilo 10, kama masaa 5. Asiyejazwa atawahi kwa robo saa au nusu saa. Lakini masaa haya ni ya kukwambia anza kuchungulia. Ruhusa ya kumtoa ni nyuzi 74 kwenye kipimajoto, pale paja liliponenepa bila kugusa mfupa, na tena katikati kabisa ya mjazo. Hapo pa mjazo ndipo penye maneno yangu leo.

Nilipika shughuli nyumba moja hapa mjini, ndege wa kilo 7. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nikapika mjazo wangu: wali, firigisi na maini yaliyokatwa vidogo, vitunguu, zabibu, korosho, pilipili manga. Nikamjaza usiku ule ule ili asubuhi nipumue. Nikashindilia kwa ngumi mpaka kidole hakipiti, nikamshona kwa uzi, nikamtia friji. Saa 2 asubuhi akaingia motoni. Saa 6 na robo nikamtoa, ngozi imekuwa rangi ya asali, mafuta yanachuruzika, nyumba nzima inanukia. Watu wameshanawa mikono. Nikakata uzi, nikachota. Kijiko cha kwanza kinafuka moshi. Cha pili kinafuka. Cha tatu, kilichotoka katikati, hakifuki. Wali umeshikana, umelowa maji ya nyama yenye rangi ya waridi. Nikatia kidole: vuguvugu, kama maji ya kumuogeshea mtoto.

Nikautoa mjazo wote, nikautandaza kwenye sinia na kuurudisha motoni, na ndege naye nikamrudisha. Wageni wakangoja saa nzima. Lakini kabla sijafika kijiko cha tatu, mtoto wa nyumba ile alikuwa ameshaonjeshwa. Usiku akatapika mpaka alfajiri. Siwezi kuapa kwamba ni mjazo wangu. Ila mimi najua nilichokitoa kwa mkono wangu, na sijakisahau.

Makosa yalikuwa wapi? Moto huingia kutoka nje kwenda ndani, na mjazo ndio uko mwisho wa safari. Juu ya hapo maji ya nyama mbichi yote huutiririkia, kwa hiyo uchafu wa nyama mbichi, vijidudu vya salmonela na wenziwe, umo humo ndani ya wali. Ukimjaza usiku na kumlaza frijini, unaanza asubuhi na donge la baridi katikati. Ukishindilia, joto halina pa kupita. Mjazo utiwe ungali moto, utiwe kwa kulegea, na ndege aende ovenini dakika ile ile.

Najua kuna anayesema moyoni: bibi zetu walijaza kuku na hawakuwa na kipimajoto. Kweli. Bibi yangu alijaza kuku wa kienyeji asiyefika kilo 2, na alimchemsha kwanza hata kabla ya kumkaanga. Bata mzinga asili yake ni Amerika, kaja kwetu na kidari kipana kama mto, na hakuna sufuria ya nyumbani inayommeza. Hesabu ya bibi haimfai. Mwingine atasema, mimi hutoboa paja, maji yakitoka meupe ameiva. Maji ya paja yanakwambia habari za mjazo? Hata za paja lenyewe hayaaminiki.

Tena kuna hili la kidari kukauka. Kidari huwahi kuiva, mjazo huchelewa, na wewe unangoja wa mwisho. Kikishapata rangi, kifunike kwa foili. Na ukiniuliza mimi nyumbani kwangu nafanyaje, mjazo naupika pembeni kwenye bakuli lake, na tumboni natia ndimu na vitunguu tu. Lakini mwenye shughuli akitaka wa kujazwa, nampikia wa kujazwa, na napima.

Naona mnaangalia saa, adhuhuri inaingia. Haraka basi. Barafu iyeyuke ndani ya friji, siku 1 kwa kila kilo 2 na kidogo. Huyu wa kilo 7 anataka siku 3 hadi 4. Usimwache juu ya meza kwa joto letu la Mombasa. Kumuosha kwa ndimu kwenye sinki kunarusha maji machafu jikoni kote, na hilo tutagombana siku nyingine. Akitoka motoni apumzike dakika 20. Mabaki yaingie friji kabla ya masaa 2, mjazo utolewe uwekwe mbali na nyama.

Haya, dada mwenye mtandio wa kijani, njoo. Shika kipimajoto. Kwanza paja, hapa, rudi nyuma kidogo, umegusa mfupa. Soma kwa sauti. 79, vizuri. Sasa kipitishe hapa mbele kwenye mjazo, mpaka katikati, usiogope. Ngoja namba itulie. Ngapi? 68. Mmesikia? Ngozi hii mngeipakua. Anarudi motoni, nendeni mkasali, mkirudi tutampima tena.