Nilivyobadilika kichwani na moyoni tangu nianze testosteroni

Haya jamani, assalamu alaikum kwa wa salamu hiyo, na hamjambo kwa wengine wote, hasa nyinyi mlioko Mombasa, Kilifi, Nairobi, Dar, na ndugu zangu wa Uganda ambao najua kwenu hata kuangalia video kama hii ni hatari tangu ile sheria ya 2023 ya kupinga ushoga. Kama uko nyumbani na watu tia iyafoni kwanza ndo uendelee, mi niko hapa hapa.

Leo siongelei ndevu. Kila nikiweka video naulizwa ndevu, sauti, kifua, na hayo nshayasema mpaka basi. Kwa wageni, mimi ni mwanamume transijenda, nimezaliwa Changamwe nikaandikwa msichana kwenye cheti, sa hizi naishi Toronto na natumia testosteroni, ile homoni ya kiume, kwa sindano. Kitu ambacho hakuna aliyeniweka kitako akanambia kabla sijaanza ni vile kichwa na moyo vyabadilika, na vyengine vilitangulia mbali sana hizo ndevu.

Naanza na bafu. Tangu nibaleghe ile mara ya kwanza nlikuwa naoga taa imezimwa. Nyumbani nlikuwa nasingizia bili ya stima, huku sina hata wa kumsingizia lakini taa bado siwashi, napiga mswaki gizani, nafunga vifungo vya shati nikiangalia ukuta, na sikuwahi kusema hii ni huzuni, nlijua ndo tabia yangu. Sasa ile miezi ya mwanzo ya sindano, mwili hata haujafanya la maana la kuonekana, siku moja niko bafuni nanyoa nywele, taa yawaka, naimba, halafu nikashtuka kumbe niko mbele ya kioo kitambo tu na hakuna kitu kinachonifukuza. Nikakaa pale kwenye ukingo wa bafu na mashine ya kunyolea mkononi bado yanguruma. Ile hesabu ya kutwa kucha, nimekaaje, nimetembeaje, huyu ameniona vipi, ilikuwa imepungua na mi sikuiona ikiondoka.

Ila sio yote ni dawa, nisiwadanganye. Kuna ile nafuu ya kuwa daktari amekusikiza mwisho ukaondoka na karatasi yako, hiyo peke yake yainua mtu. Muuguzi wangu aliniambia kwa mtu mmoja ni vigumu kujua ipi ni ipi. Lakini watafiti wa Melbourne kule Australia walichapisha utafiti mwaka 2023, watu wazima 64, wengine walianzishiwa testosteroni moja kwa moja na wengine wakangoja miezi 3 kama foleni ya kawaida. Wale walioanza, ile dhiki ya mwili kutolingana na nafsi ilishuka, dipresheni ikashuka, na fikra za kujiua pia, kuliko waliokuwa wakingoja. Miezi mitatu tu hiyo! Mi nliposoma niliwafikiria wenzetu wa nyumbani ambao foleni yenyewe haipo, wangoja maisha mazima.

Sasa hasira, manake hii ndo khalati yangu aliniuliza kwa simu, eti mwanangu si utakuwa mkali uanze kupiga watu. Hapana khalati. Lakini kuna kitu na wacha nikieleze vizuri. Mwanzo nlikuwa nachoma kila wiki 2. Dawa yangu imo ndani ya mafuta ya ufuta, nzito, waivuta polepole kwa sindano nene halafu wabadilisha wachoma kwa nyembamba. Ukishachoma, siku za kwanza kwanza homoni yapanda juu kwenye damu, halafu yateremka, mpaka zile siku za mwisho kabla ya dozi nyengine iko chini kabisa. Na moyo wateremka nayo. Siku hizo mwenzangu wa nyumba akiweka sufuria kwenye sinki nasikia kama anipigia mimi, nachoka, sitaki salamu ya mtu, halafu nikichoma, kesho yake nawapenda watu wote. Nikaanza kuandika kwenye daftari, leo niko hivi, leo vile, nikampelekea muuguzi, akaangalia tarehe akajua papo hapo. Dozi ile ile wakaigawa mara mbili, nusu kila wiki, chini ya ngozi ya tumbo badala ya msulini, na yale mawimbi yakatulia. Kwa hiyo ukihisi unakuwa mwengine kila mwisho wa dozi usikae ukijilaumu kwamba roho yako imekuwa mbaya, sema, yarekebishika.

Na hasira yenyewe nlikuwa nayo siku zote, ila zamani nlikuwa naimeza halafu yanila mwenyewe. Siku hizi nasema, "Hilo silitaki," na yaisha.

La machozi ndo gumu kwangu. Mimi nlikuwa mtu wa kulia, hata harusini. Bibi yangu mzaa mama alipofariki sikuweza kwenda, makaratasi yangu hayakuwa tayari, nikaangalia mazishi kwa video ya wasap, mtandao wakatika wakatika, namuona mamangu amejifunika leso yake ile ya manjano akitikisika, na mimi machozi yalifika hapa kooni yakasimama. Nlitaka kulia wallahi. Nliona kama namkosea heshima bibi aliyenilea. Wanaume wenzangu transi wengi hapa walinambia hata wao machozi yamekuwa mbali, wengine nao walia kama kawaida, kila mwili na mambo yake. Nilichojifunza ni kwamba huzuni kwangu sa hizi haipiti njia ile ya zamani, yakuja kama joto la kifua na miguu yataka kutembea, basi siku ile nikatoka nikatembea kando ya Ziwa Ontario mpaka giza nikimtaja bibi kwa sauti. Msimpime mtu uchungu wake kwa machozi, tafadhali.

Hamu ya mapenzi nayo yapanda miezi ya mwanzo, mwanzoni yasumbua, baadaye wazoea, ni baleghe ya pili hiyo na ubongo wahitaji muda.

Sasa yale ambayo dawa haifanyi. Haikunitoa upweke, haikunirudishia watu walionifungia mlango, na mpaka leo nakwenda kwa mshauri wa mambo ya akili manake niliyoyapitia nikiwa shule ya bweni homoni haiyagusi. Kwenda kwa mshauri sio kwamba kuwa transi ni wazimu. Shirika la Afya Duniani lilishaitoa kwenye orodha ya magonjwa ya akili, ule mwongozo wao mpya uliopitishwa 2019 ukaanza kutumika 2022, kwa hiyo mtu akikwambia wewe ni mgonjwa wa akili una la kumjibu. Mi nlijua sio peke yangu mwaka 2014, pale Mahakama Kuu Nairobi ilipoamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, cheti chake cha KCSE, kile cha kumaliza sekondari, kwa jina lake, bila alama ya jinsia. Nlisikia kwenye redio ya jikoni, mamangu akaongeza sauti, akaisikiza mpaka mwisho, hakusema neno.

Na nyinyi mnaonunua chupa kwa watu wa jimu, nawaomba sana. Najua ni kwa nini, kliniki ni chache na uoga ni mwingi, sikulaumu hata kidogo. Lakini hujui kilichomo, na testosteroni ikizidi haikufanyi mwanamume zaidi, damu yawa nzito, nyengine mwili waigeuza kuwa estrojeni, ile homoni ya kike, na kichwa chaweza kupanda vibaya, haswa kama wewe au mtu wa damu yako ana baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana. Mwambie daktari hilo kabla ya lolote. Angalau tafuta maabara wakupime hemoglobini, ndo yaonyesha kama damu imekuwa nzito, hicho ni kipimo cha kawaida, hakuna atakayekuuliza wakitakia nini.

Video inayokuja ntaongelea vipimo vya damu kimoja kimoja. Maswali nitumieni kwa inboksi, msiandike jina la kweli wala mtaa mnaokaa, na ukishajibiwa futa ujumbe. Wale mlio kwenye hali mbaya usiku huu, mniandikie hata neno moja tu, nazisoma zote.