Mapukutiko katika Vijiji vya Akita: Mgeni, Kijiji na Wanyama wa Mlimani

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi nyote mliojitokeza jioni hii, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa kueleza maisha ya mgeni katika kijiji cha Japani, nami nitayaeleza kupitia majira mamoja tu, yaani mapukutiko, yanayoanza Septemba mpunga unapoiva na kumalizika theluji inapoanza kuanguka, kwa sababu hakuna wakati mwingine wa mwaka ambapo mtu huona waziwazi jinsi kijiji kinavyoishi na wanyama wa mlimani. Mahali ninapopasemea ni mkoa wa Akita, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, ambako nilikuwa mwalimu wa lugha.

Vijiji vingi vya huko vina vipaza sauti vya halmashauri vilivyofungwa juu ya nguzo, ambavyo viliwekwa hasa kwa ajili ya tahadhari za maafa, lakini jioni hupiga wimbo mfupi unaowajulisha watoto kwamba wakati wa kurudi nyumbani umefika, na katika majira haya hutangaza pia mahali ambapo dubu ameonekana. Matangazo mengine huja kwenye jalada linalopitishwa nyumba hadi nyumba: mwenye nyumba husoma, hutia alama kwamba amesoma, kisha hulipeleka kwa jirani. Mgeni asiyesoma Kijapani vizuri hana budi kwenda kuuliza, na mimi nalihesabu hilo kuwa jambo la heri, maana urafiki wangu mwingi na wazee wa kijiji ulianza mlangoni, jalada likiwa mkononi.

Tangazo la Septemba mara nyingi huhusu nyigu wakubwa, ambao malkia wao hufikia urefu wa sentimita 5 hivi. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ambayo kiota chao huwa kimejaa na kinalea malkia wa mwaka unaofuata, kwa hiyo hukilinda kwa ukali kuliko wakati wowote, na kila mwaka wapo watu wanaokufa kwa kuumwa nao. Nyigu hao hushambulia zaidi vitu vyenye rangi nyeusi, hivyo watu hushauriwa kuvaa nguo na kofia za rangi nyeupe wanapoingia msituni.

Si kila kiumbe huja na hatari. Kereng'ende wekundu waliopanda milimani kukwepa joto la kiangazi hushuka tena bondeni, na mwezi Oktoba bata maji weupe huwasili kutoka Siberia. Wengi wao, pamoja na bata bukini, hutua Ogata, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1964 juu ya ardhi iliyopatikana kwa kukausha ziwa la Hachirogata, ambalo kwa ukubwa lilikuwa la pili nchini Japani. Ndege hao hushinda majarubani wakiokota punje zilizoachwa na mashine za kuvunia, na sikuwahi kumsikia mkulima akiwalalamikia.

Dubu ni habari nyingine, na hapa naomba nikae kidogo. Dubu wa Honshu ni mweusi, mwenye alama nyeupe ya mwezi mwandamo kifuani. Kabla ya kulala usingizi wa majira ya baridi ni lazima anenepe, na chakula chake kikuu wakati huo ni mbegu za mialoni na za mti uitwao buna. Miti ya buna haizai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja huzaa kwa wingi katika eneo zima, na mwaka mwingine hukaribia kutozaa kabisa. Mbegu zinapokosekana mlimani, dubu hushuka kutafuta chestnati, mahindi, pumba za mchele zilizowekwa ghalani, na zaidi ya yote kaki, tunda la rangi ya chungwa ambalo kila nyumba ya zamani ina mti wake uani.

Hilo ndilo lililotokea mwaka 2023. Katika mwaka wa serikali ulioishia Machi 2024, watu 219 walishambuliwa na dubu nchini Japani na 6 kati yao wakafariki, Akita ikiongoza kwa idadi ya walioumizwa. Dubu zaidi ya 9,000 waliuawa nchini. Wakati huo watu wa mbali waliwapigia simu maofisa wa Akita kuwashutumu kwa mauaji hayo, na mimi ninayewapenda wanyama hao nasema bila kusita kwamba hawakuwatendea haki wanakijiji, kwa sababu bibi wa miaka 80 anayeogopa kwenda kuchimba figili zake nyuma ya nyumba si adui wa wanyama. Mwaka 2025 hali ilikuwa mbaya zaidi: vifo vilizidi 10, sheria mpya iliyoanza Septemba 1 ikaruhusu halmashauri kuagiza dubu apigwe risasi hata katikati ya makazi, na mwezi Novemba wanajeshi walipelekwa Akita kusaidia kusafirisha na kutega mitego.

Wapo wanaosema kwamba dubu wamebadilika. Nijuavyo, kilichobadilika zaidi ni kijiji. Hadi miaka ya 1950 wanakijiji waliingia kila siku katika misitu iliyo kati ya mashamba na mlima kukata kuni, kuchoma mkaa na kukusanya majani ya mbolea, na ukanda huo ulikuwa wazi, wenye watu na mbwa, hivyo mnyama hakuuvuka kirahisi. Gesi na mafuta ya taa vilipoingia, misitu hiyo ikaachwa ikasongamana. Vijana nao wakahamia mijini: Akita iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 1.3 katika miaka ya 1950 leo haifikishi 900,000, na wawindaji waliobaki wengi ni wazee. Nyumba hubaki tupu, lakini mti wa kaki uani huendelea kuzaa.

Sisi tuliokulia penye madungu ya kulindia ngedere na nguruwe mashambani tunafahamu kwamba ulinzi wa namna hii ni kazi ya mikono mingi, na hapo ndipo nafasi ya mgeni ilipo. Jirani yangu, mzee aliyekuwa akiniita Mwalimu hata tukiwa matopeni, alinijia akasema, "Mwalimu, kaki za nyumba ile tupu zimeiva. Jumapili njoo na ngazi." Tulizichuma zote tukiwa na kengele viunoni ili dubu watusikie, ingawa zamani ilikuwa desturi kubakiza tunda moja kileleni. Kwa hiyo yeyote kati yenu atakayepata kazi katika kijiji cha namna hiyo, namwomba kabla Oktoba haijafika aulize siku ya kufyeka nyasi za kando ya mto, ambamo dubu hupita wakijificha, aulize ni miti ipi haina mwenyewe wa kuichuma, na ajitokeze na mundu wake saa ile ile wanayojitokeza wazee.