Mto Ukifungwa, Utafunguliwa Lini?

Asalaam aleikum, na kwa wote hamjambo. Namshukuru mwenyekiti kwa kunikaribisha. Nawashukuru zaidi ninyi manahodha na wavuvi mlioacha kazi asubuhi hii mkaja kukaa humu ndani, maana najua saa hizi zina thamani gani kwenu.

Nimeombwa nizungumzie jinsi mito na njia za maji zinavyofungwa kwa sababu za usalama panapokuwa na shughuli kubwa ya umma. Nitawapeleka Paris, kwenye mto Seine, mwezi wa Julai 2024. Niseme mapema msimamo wangu ili mnisikilize mkiujua. Serikali inayofunga maji kwa siku chache ili watu wasiuawe inafanya kazi yake, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko kwenye jambo moja: kufunga bila kumwambia mwenye chombo atafunguliwa lini, na bila kumuuliza anaishije hadi siku hiyo.

Tarehe 26 Julai 2024, kwa mara ya kwanza katika Olimpiki za majira ya joto, gwaride la ufunguzi lilifanyika nje ya uwanja. Wanamichezo wapatao 6,800 walipandishwa boti 85 wakashuka na mto kilomita 6, kutoka daraja la Austerlitz hadi upande wa mnara wa Eiffel, mvua ikiwanyeshea. Wetu walikuwamo pia. Ferdinand Omanyala alikuwa mmoja wa walioshika bendera ya Kenya, na nchi zenye wanamichezo wachache zilipakiwa pamoja katika boti moja. Kingoni walikaa watazamaji zaidi ya laki tatu. Mwanzoni serikali ilizungumzia laki sita, ikapunguza ilipoona haitaweza kuwalinda.

Ninyi mnaofanya kazi majini mnajua kwa nini. Uwanja wa mpira una mageti: unamkagua mtu mlangoni, akishaingia umemaliza. Mto hauna mlango. Kilomita 6 zenye kingo mbili ni kilomita 12 za kulinda, na juu yake kuna madaraja ambayo mtu anaweza kusimama akaangusha kitu. Chini ya madaraja hayo kuna nguzo zinazopaswa kukaguliwa na wapiga mbizi. Kuna mitaro inayomwaga maji mtoni, na maelfu ya madirisha yanayoutazama mto. Na boti haina breki. Ikitokea hatari mbele, boti iliyobeba vijana mia haigeuki palepale kama pikipiki.

Wala hofu haikuwa ya kubuni. Novemba 13, 2015, watu 130 waliuawa mjini Paris na viungani mwake katika usiku mmoja. Desemba 2023 mtalii kutoka Ujerumani alichomwa kisu akafa karibu na daraja la Bir-Hakeim, hatua chache tu kutoka mto huohuo. Machi 2024, baada ya shambulio la ukumbi wa muziki karibu na Moscow, Ufaransa ilipandisha tahadhari hadi ngazi ya juu kabisa. Mwezi uliofuata Rais Macron alisema hadharani kwamba kuna mipango mingine miwili tayari, ukiwamo wa kuacha mto kabisa na kurudi uwanjani. Usiku wenyewe walipangwa polisi na askari wa jandarmeri 45,000, na ndege zilikatazwa kuruka umbali wa kilomita 150 kuzunguka mji, kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 6 usiku.

Sasa tuje kwa watu wa mtoni, ambao ndio hasa wamenileta hapa.

Saa 11 alfajiri ya tarehe 18 Julai, siku 8 kabla ya sherehe, ukanda wa kingo zote mbili ulifungwa. Maelfu ya vizuizi vya chuma vilipangwa barabarani. Mkazi wa ndani ya ukanda huo, mfanyakazi wa hoteli, mgonjwa mwenye miadi kwa daktari, hata mtu anayeishi ndani ya boti yake gatini, alilazimika kuomba kibali mapema na kuonyesha msimbo wake kwenye simu kila alipofika kizuizini. Vituo kadhaa vya treni za chini ya ardhi vilifungwa. Wenye mikahawa waliokuwa wakitarajia neema ya Olimpiki walipanga meza zao nje, wapita njia wakawa hawapo. Baadaye serikali iliunda tume ya kupokea madai ya fidia. Hiyo tume naitaja makusudi, na nitairudia.

Kisa ninachotaka tukae nacho kidogo ni cha wauzaji vitabu. Juu ya kuta za Seine kuna masanduku ya mbao ya rangi ya kijani, yamefungwa kwa vyuma ukutani. Mchana mwenyewe huinua kifuniko, na ndani mna vitabu vya mitumba, ramani na picha za zamani. Masanduku hayo yanazidi 900, na wanaoyashika ni watu kama 200 na zaidi. Biashara hiyo ina karne kadhaa. Julai 2023, mwaka mzima kabla ya michezo, polisi wa Paris waliwaandikia kwamba zaidi ya nusu ya masanduku hayo yaondolewe, kwa sababu mtu anaweza kuficha bomu ndani na kwa sababu yanawazuia watazamaji kuona mto.

Hebu jiwekeni mahali pao. Sanduku la mbao la miaka mingi, limekula mvua na jua, ukiling'oa linavunjika. Novemba mwaka huo serikali ya mji ilijaribu kuyang'oa machache ili ione kama inawezekana. Wenye masanduku hawakushawishika. Hawakusema usalama hauna maana. Walisema: tukague, tufungie kwa lakiri, tukataze kufungua siku hizo, lakini msituvunjie mahali pa kazi kwa ajili ya jioni moja. Walijipanga, wakatafuta wanasheria, wakaongea na magazeti. Tarehe 13 Februari 2024 Rais akaamua masanduku yabaki. Sherehe ikafanyika, masanduku yakiwa palepale ukutani.

Naona jambo kubwa sana hapo. Waliopewa kazi ya kulinda huanza na jibu pana kuliko yote: ondoa kila kitu. Si ubaya wao, ndiyo kazi yao. Jibu jembamba zaidi, la kukagua na kufunga lakiri, lilitoka kwa watu waliolijua sanduku lenyewe. Na lilipatikana kwa sababu walipewa taarifa mwaka mmoja kabla. Wangeambiwa wiki mbili kabla, masanduku yangekuwa kuni.

Upande wa mizigo hali ilikuwa nyingine. Seine si mto wa watalii peke yao. Matishari ya nafaka hutoka bara, hupita katikati ya Paris na kushuka hadi Rouen, bandari inayosafirisha nafaka nyingi kupita takriban zote za Ulaya Magharibi. Boti moja inayosukuma matishari mawili inaweza kubeba zaidi ya tani 4,000. Julai ndio mwezi wa kuvuna ngano. Wafanyabiashara wa nafaka waliposikia kwamba mto utafungwa katikati ya mji kwa karibu wiki nzima, walipiga kelele miezi kadhaa kabla, na walikuwa na haki, kwa sababu ngano iliyokatwa haingoji gwaride. Lakini kwa kuwa tarehe zilijulikana, waliweza kujipanga: wa kupakia mapema, wa kungoja juu ya mto, wa kutafuta reli au lori kwa gharama zaidi. Hasara ilikuwapo. Ila hasara unayoijua tarehe yake unaweza kuigawa, kuikatia bei, kuiombea fidia.

Na maji yenyewe yana ratiba yake, ambayo ofisi nyingi huisahau. Juni 2024 mvua zilikuwa nyingi Ufaransa, Seine ikaja na maji zaidi ya mita za ujazo 500 kwa sekunde, mara kadhaa ya kawaida ya kiangazi, na zoezi la gwaride lililopangwa mwezi huo likaahirishwa. London, tarehe 3 Juni 2012, katika msafara wa boti takriban 670 wa kuadhimisha miaka 60 ya Malkia Elizabeth kwenye kiti, hawakuishia kuzuia vyombo vingine kupita. Walifunga malango makubwa ya kuzuia maji kule Woolwich ili mkondo wa Thames utulie. Walikuwa wamekubali kwamba kupwa na kujaa hakusubiri itifaki.

Kwetu pwani jambo hili ni zito zaidi. Tangazo likisema eneo litafunguliwa saa 10 alasiri, na saa hiyo maji yamekupwa, mwenye mashua anayeingia kwenye kijito kwa maji ya kujaa hajafunguliwa chochote. Amefungiwa hadi usiku. Anayeandika saa za kufunga lazima awe na jedwali la maji mezani, na akiwa hana, aite nahodha mmoja wa hapo amsomee.

Nimesema sana kuhusu tarehe ya kufungua. Niwaeleze kwa nini naishikilia hivi. Sheria iliyotumika kuweka ule ukanda wa Paris ni ya Oktoba 30, 2017. Ilizaliwa na hali ya hatari iliyotangazwa usiku wa mashambulizi ya 2015, ikaongezwa muda mara sita, ikadumu karibu miaka miwili, na ilipokwisha sehemu ya mamlaka yake ikahamia kwenye sheria ya kawaida. Kwa ajili ya Olimpiki hizohizo bunge liliruhusu, Mei 2023, majaribio ya kamera zinazochambuliwa na kompyuta kutambua mienendo ya hatari katika umati. Majaribio yalikuwa yaishe Machi 31, 2025, na serikali ikataka kuyasogeza hadi 2027. Ukanda wa mtoni wenyewe uliondolewa sherehe ilipokwisha, matishari yakarudi njiani, na hilo nawapongeza. Lakini mnaona jinsi kinachowekwa kwa dharura kinavyopenda kukaa.

Wamarekani wana desturi moja nzuri hapa. Rais anapoapishwa Washington, walinzi wa pwani huweka eneo la ulinzi kwenye mto Potomac. Tangazo huchapishwa kwenye gazeti la serikali na kutajwa redioni kwa mabaharia: mpaka huu hadi mpaka huu, saa hii hadi saa hii, na mwenye haja ya lazima ya kupita amwombe kapteni wa bandari ruhusa kwa njia hii. Nahodha akikatazwa anajua amekatazwa na nani, na anajua wa kumwendea.

Sasa linganisheni na Lamu. Baada ya utekaji wa watalii Kiwayu na Manda mwaka 2011, na mashambulizi yaliyofuata, wavuvi walikatazwa kuvua usiku. Sababu ilikuwa ya kweli; watu walikufa katika kaunti ile, na hakuna aliye humu anayetaka adui apite baharini. Lakini marufuku iliendelea mwaka baada ya mwaka. Mwenye jarife anajua wavu ule hutegwa jioni ukaopolewa alfajiri. Ukimnyima usiku umemnyima jarife lote, na nyavu huoza darini ukiacha kuzitumia. Vijana wakaacha bahari. Wengine waliokuwa na chombo wakauza. Kwa hasara nyingine, ile ya ujenzi wa bandari mpya, wavuvi wapatao 4,600 walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 wakapewa zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Kwa usiku walionyimwa, mimi nauliza mbele yenu: tume ya kupokea madai yao ilikaa wapi?

Nawauliza kwa sababu zamu yetu ipo. Oktoba 20, 2019 Siku ya Mashujaa ilifanyika Mama Ngina, juu kabisa ya mlango wa Kilindini, mahali ambapo meli na feri za Likoni zinapishana. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zinaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na wageni hawatakaa viwanjani tu; watataka kuja pwani, watapanda boti, na viongozi watakuja na walinzi wao. Maji yatafungwa mahali fulani. Kwa hiyo viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fukwe, ombeni mkutano sasa hivi, si wiki ya mechi. Nendeni na orodha ya vyombo vyenu na kazi ya kila kimoja: kipi cha kuvua, kipi cha kuvusha watoto wa shule, kipi cha kubeba wagonjwa. Mjitolee vyombo vyenu vikaguliwe na kupewa alama mapema. Mtake mpaka uwekewe maboya, kwa kuwa mvuvi haendi kazini na karatasi ya ramani. Mtake saa ya kufungua iandikwe kwa kufuata maji, na jina la ofisa wa kupigiwa simu usiku mgonjwa akitaka kuvushwa. Na fidia ijadiliwe kabla ya kufunga, wakati bado wanawahitaji.

Mwenyekiti, nadhani tuna nusu saa ya maswali. Nianze na manahodha.