Msimu wa Kwanza Haurukwi

Kila ikitajwa Babylon 5, ile tamthilia ya televisheni ya kituo cha angani, lazima atokee wa kusema: "Ruka msimu wa kwanza, unachosha." Naona mikono imeshainuka. Ishusheni kidogo.

Mkondo wa hadithi, ule unaovuka misimu, haupimwi ukitazama mara ya kwanza. Mara ya kwanza unakimbilia kujua nani kafa. Ukirudia, chukua daftari, chora safu mbili: kushoto kilichopandwa, kulia kilichovunwa, na namba ya msimu na sehemu pembeni. Kulia pakibaki tupu, mwandishi kakuahidi hewa. Kushoto pakibaki tupu, basi alikuwa anaokoteza njiani.

Chukueni Londo, balozi wa Centauri kituoni, na hasimu wake G'Kar, balozi wa Narn. Mwaka 1994, sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza, huo huo mnaoruka, anasema ameota atakavyokufa: yeye na G'Kar wamekabana koo. Unajisemea, haya, mahasimu watauana. Msimu wa pili, sehemu ya 9, ndoto yenyewe inaonyeshwa. Simamisha picha hapo: G'Kar ana jicho moja! Wakati huo kituoni anatembea na macho yake yote mawili. Jicho linakuja kung'olewa msimu wa nne, kwa amri ya Cartagia, mfalme wa Centauri. Na kabla ya hapo, msimu wa tatu, sehemu ya 17, tunarushwa miaka mingi mbele. Londo ndiye mfalme, kiumbe kimemganda begani kinamtawala. Amekilewesha kikalala, na katika nafasi hiyo finyu anamwomba G'Kar amuue. Kiumbe kinaamka, ndipo wanapokabana. Ndoto ni ile ile, ila tuliyemdhania muuaji kumbe anafanya hisani aliyoombwa. Sasa wewe uliyeruka, utakiona wapi hicho?

Mtasema ni bahati. Bahati gani, na J. Michael Straczynski, mtunzi wa tamthilia hii, kaandika mwenyewe sehemu 92 kati ya 110, misimu ya tatu na ya nne yote kwa mkono wake?

"Mbona kamanda alibadilishwa?" Ndiyo, Michael O'Hare, mwigizaji wa kamanda wa kituo, aliondoka baada ya msimu mmoja, akaja Bruce Boxleitner. Kila mhusika alikuwa amewekewa mlango wa kutokea. Fumbo la Babylon 4, kituo kilichotangulia kikatoweka, msimu wa kwanza sehemu ya 20, linajibiwa msimu wa tatu, O'Hare mwenyewe akirudi kulijibu. Mshono unaonekana, sikatai, lakini nguo haikupasuka.

Muda unakwisha, nakimbia. Msimu wa nne umebanwa kwa sababu haikujulikana kama wa tano utakuwepo: vita dhidi ya Vivuli, maadui wa kale, vinamalizwa sehemu ya 6, na vile dhidi ya serikali ya Dunia kabla msimu haujaisha. Ndipo televisheni ya TNT wakauchukua wa tano, na akiba ya hadithi ilishaliwa. Vita vya wasoma mawazo vinaahidiwa, havionyeshwi, kulia tupu. Na mkimwona Ivanova, afisa wa kituo, sehemu ya mwisho kabisa, ilhali msimu wa tano mzima hakuwepo, msishangae: sehemu hiyo ilirekodiwa pamoja na msimu wa nne, ikawekwa kabatini.