Goti Jipya, Kano Zile Zile

MWALIMU: Hamjambo wasikilizaji, tuko Kisumu kama kawaida. Leo nina ujumbe wa sauti kutoka Kakamega. Msikilizaji anasema mama yake ameingiwa na matege uzeeni, gegedu limekwisha, na anasubiri kubadilishiwa goti. Daktari amemwambia kazi kubwa ni kusawazisha kano, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Sasa anauliza, si wanatoa goti bovu wanaweka la chuma? Kano zinaingia wapi?

SISTA: Afadhali ameuliza, maana wengi hudhani goti zima linatolewa. Hapana, Mwalimu. Kinachokatwa ni ncha ya mfupa wa paja na ncha ya muundi, kama milimita 8 hadi 10 hivi, kisha kila ncha inavishwa chuma na katikati inawekwa plastiki ngumu. Kano za pembeni ni zile zile alizozaliwa nazo mama. Hizo ndizo zitakazokishika hicho chuma kisiyumbe.

MWALIMU: Na matege yameshaziharibu.

SISTA: Mguu ukipinda miaka mingi, kano ya upande wa ndani inasinyaa, ya nje inavutika. Chukua hema la matanga ambalo kamba za upande mmoja ni fupi. Hata usimamishe nguzo mpya, litalalia upande ule ule.

MWALIMU: Basi mnaikata hiyo fupi.

SISTA: Polepole, Mwalimu! Kwanza, pembeni mwa goti lililosagika huota vimfupa. Vinaisukuma kano kutoka chini na kuikaza. Mimi nikiwa thieta nampa daktari vyombo, namwona anaving'oa kwa koleo, kisha anaingiza kipande cha kupimia nafasi. Kuna siku goti linanyooka hapo hapo, kano haijaguswa. Kama bado inavuta, anaachilia tabaka la ndani la kano pale linaposhikamana na muundi, anapima. Bado? Anasogea nyuma kwenye kapsuli, ule mfuko unaolizunguka goti, anapima tena. Wengine hutoboa nyuzi kwa ncha ya sindano, tundu baada ya tundu. Ni hatua kwa hatua, kwa sababu kano inayobana bado unaweza kuilegeza, lakini kano uliyoilegeza mno hairudi ilivyokuwa.

MWALIMU: Si mnaishona tu?

SISTA: Inashoneka, ila hakuna daktari anayetaka kuanza kazi hiyo mgonjwa akiwa mezani. Mara nyingi ataongeza unene wa plastiki, au alete goti la aina nyingine ambalo limeundwa kujizuia lenyewe lisiyumbe.

MWALIMU: Hapo kwenye kupima, anapima nini hasa?

SISTA: Nafasi kati ya mifupa, mara mbili: mguu ukiwa umenyooshwa, na ukiwa umekunjwa digrii 90. Ndani na nje ziwe zinakaribiana, kisha ile ya kunyoosha ilingane na ya kukunja. Hapa ndipo vichwa huuma. Goti likibana linaponyooshwa tu, anakata zaidi ncha ya paja au anaachilia kapsuli ya nyuma. Likibana linapokunjwa tu, mara nyingi anashuka saizi ya chuma cha paja. Likibana kote, plastiki nyembamba zaidi inaweza kutosha.

MWALIMU: Nani alianzisha mambo haya? Nimekutana na jina la John Insall.

SISTA: Insall alikuwa daktari wa upasuaji wa mifupa, Mwingereza aliyefanya kazi New York. Yeye na wenzake ndio waliounda goti la Total Condylar, likaanza kutumika mwaka 1974, na alitilia mkazo sana kano. Hadi leo kuna kambi mbili. Moja inakata mfupa kwa alama za mfupa wenyewe, halafu ndiyo inashughulika na kano. Ya pili inazivuta kano kwanza, zenyewe zionyeshe pa kukata. Siku hizi kuna na wanaosema mtu aliyekuwa na matege kidogo tangu ujana aachiwe kidogo. Mimi naegemea huko. Kuna kano zinazolegezwa ili eksirei ipendeze tu.

MWALIMU: Aa, Sista, usituletee kesi! Na wenye magoti yanayogongana?

SISTA: Huko upande uliosinyaa ni wa nje, na kuna neva inapita karibu. Ikivutwa sana mguu unaponyooshwa, mtu anaamka hawezi kuinua wayo. Ndiyo maana wodini jambo la mapema tunalomwambia ni, "Mama, inua wayo nione."

MWALIMU: Sasa mizani ikikosewa, mgonjwa anajuaje?

SISTA: Likibana, halikunji, hata kupanda matatu ni taabu. Likilegea, akiteremka kilima cha Riat anahisi goti linamtoroka, na plastiki inaweza kulika upande mmoja.

MWALIMU: Kisha anaambiwa hakufanya mazoezi.

SISTA: Hilo linaniudhi! Mazoezi ni lazima, misuli ya paja bila mazoezi hairudi. Lakini hakuna fizio atakayerefusha kwa mazoezi kano iliyoachwa imebana thieta.

MWALIMU: La mwisho. Msikilizaji anasema nyumbani wana choo cha shimo.

SISTA: Kuchuchumaa mpaka chini, wagonjwa wengi hawafiki tena, hata goti likiwa limesawazishwa vizuri. Fundi wa mbao atengeneze kiti chenye tundu na mikono ya kushikilia, kiwe tayari kabla mama hajatoka wodini. Na kisiwe kifupi. Akikaa, magoti yasipande juu ya nyonga.